Fizikia ya kompyuta nayo yahitaji Kiswahili

Walimu wa sayansi wa kisiwa hiki cha Mombasa wamepata mazungumzo mapya. Zamani walipokutana, malalamiko yalikuwa ni ya vyombo vya maabara vilivyovunjika, betri zilizokufa na darubini moja inayogombewa na wanafunzi arubaini. Siku hizi, kabla malalamiko hayo hayajafika mwisho, hakosi kutokea mmoja aseme: "Lakini si kuna kompyuta?" Anachokusudia ni zile programu ambazo humwonyesha mwanafunzi kitu kikielea, nyaya zikipitisha umeme au mwezi ukiizunguka dunia, kisha zikamwachia aguse, abadilishe, aone litakalotokea. Yako mambo ya kusifiwa katika fikira hiyo, na yako ya kuogopwa. Mimi si mwanafizikia. Kazi yangu ni isimu, na msomaji ana haki ya kuuliza mwanaisimu amefuata nini katika maabara ya watu. Jibu langu ni kwamba nimeyatazama masomo hayo yakifundishwa, na kilichomkwaza mwanafunzi mara nyingi hakikuwa hesabu wala mashine. Kilikuwa neno.

Kwa kuwa tumeanza na maneno, tukipe kwanza kitu chenyewe jina. Wako wanaokiita "uigizaji", lakini neno hilo tumekwisha kuwapa watu wa jukwaani na wa michezo ya redio. "Uigaji" ni tendo lenyewe. Mimi hutumia "mwigo", wingi wake "miigo", kwa mfano wa mchezo na michezo, mchoro na michoro: mtu huiga, na kile kilichozaliwa na kuiga kwake ni mwigo. Mwenye neno bora na alilete, sitagombana naye, mradi tukubaliane juu ya moja.

Mwigo wa kompyuta, basi, ni kanuni ya maumbile iliyoandikwa kwa hesabu ndani ya mashine na kuvishwa picha. Ukiinua mpira juu zaidi kabla ya kuuachia, mashine hupiga hesabu upya na kukuonyesha utakavyoanguka. Hapa ndipo mwigo unapoachana na sinema. Sinema husema iliyokusudia kuyasema. Mwigo hujibu ulichouliza. Maarufu zaidi ni miigo ya mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, Marekani, na Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja nyuma yake alikuwa ametunukiwa tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na wenzake wawili. Miigo hiyo hutolewa bure. Imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo, na mingi ikishapakuliwa huendeshwa bila intaneti. Kwa shule ambayo bili ya intaneti huzua kikao cha bodi, hilo la mwisho si jambo dogo.

Tena si mapambo matupu. Mwaka 2005 watafiti wa chuo hicho walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wao wa fizikia. Kundi moja lilijifunza mambo ya saketi za umeme kwa nyaya, betri na taa za kweli. Kundi la pili likajifunza kwa mwigo peke yake. Hatimaye makundi yote mawili yalipewa vifaa vya kweli yaunde saketi na kuieleza. Waliojifunza kwa mwigo waliwashinda wenzao, katika kueleza na hata katika kuunda. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Katika waya wa kweli umeme hauonekani. Katika mwigo waona vitone vikitembea ndani ya waya, na akili hupata pa kushika.

Sasa nieleze niliyoyaona mimi. Mwaka 2024 nilikaribishwa kuketi nyuma ya darasa la kidato cha pili katika shule moja ya hapa kisiwani, nisiyoitaja. Mwalimu alikuwa hodari na amejiandaa. Aliweka kompyuta moja na projekta, akaunda kwenye mwigo saketi ya betri moja na taa mbili zilizofuatana, kisha akauliza kwa Kiingereza, kama kanuni ya shule inavyotaka: mkondo ni mkubwa zaidi wapi, kabla ya taa ya kwanza, katikati ya taa, au baada ya taa ya pili? Darasa likanyamaza. Mwanafunzi mmoja akasimama akasoma kutoka kichwani fasili ya mkondo kama ilivyo kitabuni, neno kwa neno, akaketi. Mwalimu akamshukuru, akabonyeza, vitone vya buluu vikaanza kutembea, wanafunzi wakatazama kama watu wanaotazama samaki kwenye chupa.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na nyuma ya darasa, kama ajuavyo kila mwalimu, kuna darasa jingine. Wavulana wawili walikuwa wakibishana kwa kunong'ona. Mmoja alishikilia kwamba kabla ya taa umeme lazima uwe mwingi na baada yake uwe kidogo, "kwa sababu taa yala umeme." Mwenziwe hakuridhika. Wa kwanza akaleta ushahidi: "Kwani kwenu tokeni haziishi?" Na kweli, msomaji, mtoto huyo ametumwa mara ngapi na mamake kununua tokeni za umeme, akaona namba za mita zikiteremka kwa kuwa pasi imewashwa? Ushahidi wake ulikuwa mzito. Mwenziwe akafikiri kidogo, halafu akasema: "Basi hesabu vile vitone." Wakahesabu. Vilivyoingia kwenye taa ndivyo vilivyotoka, sawasawa. Yule wa tokeni akakunja uso, akauliza swali ambalo laiti lingeulizwa kwa sauti lingekuwa somo zima la siku ile: "Sasa ikiwa hazili hizi, zala nini?"

Kengele ikalia. Swali halikufika mbele.

Nimelirudia swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo, kwani ndani yake mna fizikia na mna isimu. Kiswahili chetu husema kwamba friji yala umeme, gari lala mafuta, mshumaa wala nta. Kitenzi hicho ni sahihi kabisa ikiwa tunazungumzia nishati: mita ya tokeni huhesabu nishati, nayo hutolewa kwenye waya ikageuka mwanga na joto. Si sahihi tukizungumzia mkondo, ambao huizunguka saketi yote bila kupungua. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alikuwa na neno moja, "umeme", lililobeba vitu viwili, na kitenzi "kula" kilichofaa kimoja na kukipotosha kingine. Wala isidhaniwe kwamba dosari ni ya Kiswahili. Watoto wa Uingereza na Marekani nao husema kwamba umeme "hutumika na kwisha", na walimu wa huko wamehangaika miaka mingi na shimo lilo hilo. Tofauti ni kwamba mtoto wa huko hubishana na mwalimu wake kwa lugha ile ile aliyokosea kwayo. Wetu hukosea kwa Kiswahili, husahihishwa kwa Kiingereza, na yale masahihisho hayakutani na kosa.

Laiti neno "mkondo" lingesemwa darasani siku ile! Mtoto wa Mji wa Kale hahitaji kuambiwa mkondo ni nini. Anaujua unaopita mbele ya Bandari ya Kale kuingia hori la Tudor maji yanapojaa, na kutoka tena yanapokupwa. Anajua kwamba maji yanayofika kwenye nguzo za Daraja la Nyali ndiyo yanayoendelea ng'ambo ya pili, nguzo haziyanywi. Neno hilo lina picha iliyo sahihi ndani yake, nalo lilikuwepo kabla ya umeme kufika pwani hii. Mwalimu angelishika kwa mkono mmoja na kuushika mwigo kwa mkono wa pili, yule wa tokeni asingerudi nyumbani na swali lake.

Si maneno yote yanayotufaa namna hii. "Nguvu" ni neno linalotuponza. Kwa nguvu mtu husukuma gari lililokwama. Chakula humpa nguvu. Jenereta ina nguvu kuliko nyingine. Na asiye na nguvu ni mgonjwa. Fizikia inataka hapo vitu visivyopungua vitatu: kile kinachosukuma au kuvuta, kile kinachohifadhiwa na kugeuzwa, na upesi wa kugeuzwa kwake. Wataalamu wetu wamekwisha kutupa "kani" kwa cha kwanza na "nishati" kwa cha pili. Nishati imeshika, hata wizara za serikali zaitwa kwa jina hilo. Kani bado haijatua midomoni, na kwa wazee wetu neno hilo lina harufu ya ukaidi na ushupavu, jambo ambalo kwa maoni yangu si baya, kwani kani ya mvutano haishawishiki. Mwigo wa kani na mwendo huchora mshale juu ya kitu kinachosukumwa. Mshale huo ukiandikwa "nguvu", mwanafunzi ataendelea kuamini kwamba mpira uliorushwa umebeba nguvu ndani yake na huanguka nguvu hiyo ikiisha, imani ambayo Newton aliivunja katika karne ya 17. Ukiandikwa "kani", angalau atauliza kani ni nini.

Na hebu mwambie hamali anayesukuma mkokoteni katika vichochoro vya Mji wa Kale kwamba, kwa mujibu wa fizikia, aliyebeba gunia kichwani akatembea nalo mahali tambarare hakufanya "kazi" juu ya gunia lile. Mimi sitakuwepo.

Nimeitazama baadhi ya miigo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wafasiri wake ni watu wa kujitolea, na wanastahili shukrani kabla ya lawama. Hata hivyo mwalimu atakayefungua miigo mitatu asishangae kukuta dhana moja imepewa majina mawili, au neno la Kiingereza limeachwa kama lilivyo pale mfasiri alipochoka. Uzito na tungamo huchanganywa, ilhali katika mwigo wa kuelea na kuzama kuchanganya viwili hivyo ni kuliua somo zima. Wengine husema tungamo, wengine masi. Wengine saketi, wengine sakiti. Mimi naweza kuishi na lolote kati ya hayo. Mwanafunzi wa miaka 14 hawezi kuishi nayo yote kwa pamoja.

Kinachosikitisha ni kwamba kazi ya kuunda istilahi hizi si mpya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, tuliyoijua kwa jina la TUKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tanzania imefundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi tangu miaka ya 1960 ilipokuwa ikimalizika, ijapokuwa kwenye sekondari lugha hiyo husimamishwa mlangoni. Hapa Mombasa tulikuwa na Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, ambaye alichimba lahaja za pwani kutafuta maneno ya vitu vipya badala ya kukimbilia kukopa. "Runinga" ni mojawapo ya maneno anayokumbukwa kwayo. Katika utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, aliyahifadhi majina ya sehemu za jahazi na kazi ya kuliunda. Fundi wa jahazi huzungumza habari za uzani, mizani, upepo na maji siku nzima bila kukwama. Atakayesema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuzungumzia kani na kuelea hajapata kusimama karibu na chombo kinachoundwa.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimelisikia kutoka kwa wazazi na walimu wakuu pia: mtihani ni wa Kiingereza. Ni kweli. Sera ya Kenya yasema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake mpaka Gredi ya 3, kisha Kiingereza kishike hatamu. Kwa watoto wengi wa Mvita lugha ya eneo ndiyo lugha ya nyumbani, yaani Kiswahili, na hunyang'anywa pale hasa sayansi inapoanza kuwa sayansi. Mimi sitaki mtihani ubadilishwe kesho. Nataka ile dakika moja kabla ya kubonyeza. Mwalimu auonyeshe mwigo umesimama, aulize kitakachotokea, aruhusu darasa libishane kwa lugha linayoifikiria, kila mmoja aandike utabiri wake, halafu abonyeze. Mabishano yakishatulia, majina ya Kiingereza na yaandikwe ubaoni karibu na ya Kiswahili, wayajue yote mawili. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kwamba mkondo haupungui ataiandika sentensi hiyo kwa Kiingereza cha mtihani bila taabu kubwa. Asiyeelewa ataikariri, na swali likigeuzwa kidogo litamtupa.

Bila dakika hiyo mwigo ni picha inayotembea, na tumeshakuwa nazo nyingi.

Tusiusifu mwigo kupita kiasi hata hivyo, na kwa hili naomba msomaji aje nami mpaka Bandari ya Kale, chini ya Ngome ya Yesu. Upo mchoro unaopendwa katika miigo na vitabu, unaoonyesha dunia imezungukwa na bahari pande zote, mwezi ukiyavuta maji yakavimba upande unaouelekea na upande wa pili pia. Jua na mwezi vinapokuwa kwenye mstari mmoja, wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu, mivuto hiyo hujumlika, maji yakajaa sana. Hayo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hupunguzana, tukapata maji mafu. Mpaka hapo mchoro na mvuvi wanakubaliana.

Lakini mtazame mwanafunzi makini anayeuliza saa. Kwa mujibu wa mchoro, siku ya mwezi mpevu mwezi huwa utosini kwetu karibu na saa sita ya usiku. Basi maji yangejaa saa sita usiku na saa sita mchana, na kukupwa saa kumi na mbili. Muulize mvuvi yeyote wa Mji wa Kale. Atakwambia kwamba siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri, na hukupwa kiasi cha saa nne. Majedwali ya maji ya bandari yasema hivyo hivyo. Tofauti ni ya takriban saa nne, na si ya maji haba, kwani hapa Mombasa kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua mna kimo cha meta tatu na zaidi.

Ni nani aliyekosea? Kanuni ya mvutano haikukosea. Kilichopungua ni ule mchoro, uliofuta mabara na kuifanya bahari kuwa blanketi moja lenye kina sawa. Bahari ya Hindi ina kingo, ina kina kinachobadilika, na maji yake huyumba kama maji ya beseni linalotikiswa. Hayawezi kuufuata mwezi papo kwa papo. Mwanafunzi aliyeambiwa mwigo ndio ukweli ataamini kwamba bahari ya kwao ina kasoro. Aliyefundishwa kwamba mwigo ni dai la mtu kuhusu maumbile atashuka ngazi mpaka majini akiwa na saa na daftari, aone dai limefika wapi na limeishia wapi. Huyo wa pili ndiye mwanasayansi, hata kama viatu vyake vimelowa. Na tazama maneno anayoyahitaji: kujaa, kupwa, bamvua, maji mafu, mkondo. Yote yalikuwepo, hayakungoja kamati.

Kuna mambo, kwa upande mwingine, ambayo mwigo hutuwezesha kuyajaribu na ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyajaribu kwa kweli. Kisiwa hiki huishi kwa vitu vinavyoelea. Daraja la kwanza la Nyali, la mwaka 1931, lilikuwa la kuelea, mpaka lilipochukuliwa mahali na la zege mwaka 1980. Na mwaka 2021 tukafunguliwa jingine la kuelea pale Liwatoni, la waendao kwa miguu. Maelfu huvuka Likoni kila siku kwa feri. Na hakuna mtu wa Mombasa wa rika langu aliyesahau tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka wakafa watu zaidi ya 270. Chanzo cha msiba ule si cha kuhukumiwa na mwigo wa dakika tano, wala si kazi yangu kukihukumu. Lakini mtoto avukaye kila asubuhi anastahili kufahamu kwa nini chombo kinachobeba mzigo ule ule huwa salama mzigo ukiwa chini na katikati, na huwa cha hatari mzigo ukiwa juu au watu wakikimbilia ubavu mmoja. Hilo laweza kuonyeshwa kwa mwigo mara ishirini mpaka likaeleweka, bila mtu kulowa. Manahodha na marubani wamefunzwa kwa miigo kwa miongo mingi kwa sababu hiyo hiyo.

Ila rubani hapewi ndege ya abiria kwa sababu ya mwigo peke yake, na hapa nataka kuwajibu wale wanaoiona kompyuta kama njia ya kujiepusha na gharama za maabara. Fikira hiyo ni hatari. Mtihani wa fizikia wa KCSE una karatasi ya tatu, nayo ni ya vitendo: mtahiniwa hukabidhiwa vifaa, apime, aandike, achore grafu. Katika mwigo waya hazilegei, betri haichoki, na chumvi ya bahari haili vidole vya swichi kama inavyokula kila chuma katika kisiwa hiki. Kupima kitu mara tatu na kupata majibu matatu yanayokaribiana ni elimu ambayo kioo hakiitoi. Mwenye kufunga maabara kwa kuwa amenunua projekta ni sawa na mwenye kuuza jiko kwa kuwa amepata kitabu cha mapishi. Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipoingia sekondari pevu, shule zimetakiwa kuwafungulia wanafunzi njia ya sayansi na teknolojia. Njia hiyo haiwezi kupita kwenye chumba kitupu.

Kuhusu mashine zenyewe nitasema machache, maana hadithi yake yajulikana. Kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika pwani kwetu, hapa hapa Mombasa, mwezi Juni 2009, na ya SEACOM ikaanza kazi mwezi Julai. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vipakatalishi na vifaa vyake katika shule za msingi, zaidi ya milioni moja kwa jumla. Vilipelekwa kwa watoto wa madarasa ya chini, ilhali fizikia ilikuwa ikisomwa sekondari. Nimeona baadhi yake vikiwa vimefungiwa kabatini vikiwa salama kabisa. Kwa mwigo hatuhitaji kifaa kwa kila mtoto. Kompyuta moja, ukuta mweupe na mwalimu anayejua kungoja jibu hutosha. Na kwa kweli hutosha zaidi, kwani kifaa kimoja hulazimisha darasa zima libishane juu ya jambo moja.

Linalobaki ni maneno, na hapo ndipo naweza kuwa na faida. Nimekwisha kuwaomba walimu wawili wa shule moja, wa fizikia na wa Kiswahili, waketi pamoja na kuorodhesha kila neno linaloonekana kwenye miigo kumi wanayoitumia zaidi, kisha wachague kutoka TUKI, kutoka BAKITA na kutoka midomo ya wavuvi na mafundi, neno moja kwa dhana moja. Walidhani itakuwa kazi ya mwaka. Kwa miigo ya umeme waliimaliza kwa jioni mbili, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya "volteji", ambalo waliliacha kama lilivyo. Nakala ya orodha ninayo. Shule iitakayo itapewa bila malipo, kwa sharti kwamba itairudisha ikiwa na masahihisho ya wanafunzi wake.